Mzigo wa Nani? Ustahimilivu wa Mtoto na Lawama ya Mtu Mzima katika Riwaya ya Kiswahili

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili una desturi moja ambayo bado hatujaihoji ipasavyo. Mhakiki anapokutana na mhusika mtoto aliyepigwa, aliyefungiwa ndani, aliyenyimwa chakula au aliyefukuzwa nyumbani, na mtoto huyo akaufikia ukurasa wa mwisho angali hai, mhakiki hukimbilia neno moja: mvumilivu. Wanafunzi wetu wamelirithi neno hili kutoka kwetu. Katika insha zao za mtihani hulipanga baina ya "mwenye bidii" na "mwenye mapenzi ya dhati", kana kwamba kupigwa bila kufa ni sehemu ya hulka ya mtu, kama ucheshi au ukimya. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali la kimaadili lililojificha nyuma ya desturi hiyo. Tunapomsifu mtoto kwa kuustahimili ukatili, tunamfanya nini yule aliyemtendea ukatili huo? Shaka yetu ni kwamba aghalabu tunamsamehe pasipo kujua, na kwamba muundo wenyewe wa usimulizi hutusaidia kumsamehe.

Tuanze na msamiati, kwa kuwa maneno yetu yana busara kuliko matumizi yetu. Kiswahili hakina neno moja tu la dhana hii. Kuna subira, kuna uvumilivu, kuna ustahimilivu, na katika mazungumzo ya kawaida tunayabadilisha bila kujali. Hata hivyo, kila neno lina mwelekeo wake. Subira ina harufu ya ibada. Mtu husubiri mbele ya jambo lililotoka kwa Mwenyezi Mungu, yaani maradhi, kifo, ukame, kuchelewa kwa riziki. Mfiwa huambiwa asubiri, na ni haki aambiwe hivyo, kwa sababu hakuna jirani anayeweza kushtakiwa kwa kifo cha mzee wa miaka themanini. Lakini mkanda wa baba hautoki mbinguni. Anayemwambia mtoto aliyepigwa "subiri, mwanangu" amelihamisha tendo la mja na kuliweka katika daftari la kudra.

Ustahimilivu ni neno jingine kabisa. Kitenzi "stahimili" kimetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kubeba, shina lile lile lililotupa "hamali" wa bandarini na "himila", yaani mzigo na hata ujauzito. Kustahimili basi, kwa asili yake, ni kuweza kuubeba mzigo. Na kila aliyewahi kusimama gatini Mombasa au katika soko la Marikiti anajua kwamba hamali haulizwi tu kama ana nguvu. Huulizwa mzigo ni wa nani. Nguvu ni za hamali, lakini mzigo una mwenyewe, naye ana deni la ujira. Tukilichukulia neno letu kwa uzito huu, haiwezekani kuutaja ustahimilivu wa mtoto bila papo hapo kumtaja mwenye mzigo. Ajabu ni kwamba tumefaulu kufanya hivyo kwa miaka mingi.

Swali hili halikumjia mwandishi wa makala haya kutoka vitabuni. Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili tulikuwa tukijadili riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika* (1971), na hasa pale Zakaria anapompiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Mjadala ulianza vyema, kisha ukapotea njia kwa namna ambayo kila mwalimu wa fasihi nchini ataitambua. Mmoja alikumbuka jinsi alivyochapwa darasa la tano, mwingine akamshinda kwa kisa kikali zaidi, na kabla ya robo saa kupita chumba kizima kilikuwa kikicheka. Ilikuwa kama mashindano. Kila kisa kiliishia kwa kauli moja: na bado niko hapa. Nami nilicheka pamoja nao, tena nilichangia kisa changu. Mwanafunzi mmoja hakusema neno. Juma lililofuata alikuja ofisini na sura ya tasnifu yake mkononi, akasema anataka kuliondoa neno "uvumilivu" mahali pote alipokuwa amelitumia. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Daktari, tulipigwa wawili, mimi na kaka yangu, na mtu mmoja, kwa fimbo moja. Mimi ndiye niliyekuja semina."

Jibu hilo lilibomoa hoja ambayo chumba kizima kilikuwa kimeijenga kwa vicheko. Hoja "nilipigwa na nikawa mtu" ina kasoro ya kimantiki ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa angeiona mara moja, ila sisi hatuioni kwa sababu inatuhusu. Ushahidi wake umekusanywa kutoka kwa waliofika tu. Ni sawa na mtu anayethibitisha usalama wa mashua mbovu kwa kuwahoji abiria walioshuka ng'ambo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Uliporudiwa mwaka 2019 viwango vilikuwa vimeshuka hadi takriban asilimia 39 na 52. Kushuka huko ni jambo la kushukuriwa. Lakini jambo linalotuhusu hapa ni kwamba pale ambapo wengi wamepigwa, waliosimama na walioanguka wote wametoka katika kundi lilo hilo. Anayetaka kuhusisha kusimama kwa huyu na fimbo, hana budi kuihusisha fimbo hiyo na kuanguka kwa yule pia.

Hapa ndipo fasihi inapoingia, na si kwa njia ya kutufariji. Tatizo la ushahidi wa waliofika limo ndani ya fani yenyewe ya riwaya. Tutazame *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), riwaya ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya viliisoma na kuipenda. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, anapitia mateso ya utotoni kule Tanga, kisha anafunga safari ndefu ya kuja Kenya kumtafuta baba. Anayetusimulia haya ni Kongowea mwenyewe. Tangu sentensi ya kwanza ya usimulizi wa nafsi ya kwanza, msomaji ana dhamana moja asiyoitambua: mtoto huyu hatakufa. Sauti anayoisikia ni ya mtu aliyekwisha kuvuka. Kila kofi linalosimuliwa linasimuliwa kutoka ng'ambo, na umbali huo hulipunguza makali. Hatusemi kwamba Walibora anatetea ukatili. Riwaya yake ina huruma kubwa kwa mtoto. Tunasema kwamba fani aliyoichagua, ambayo ni fani halali na yenye mvuto, humfanya msomaji ayaone mateso kuwa vituo vya safari. Na vituo vya safari, mtu akishafika, huvikumbuka kwa upendo.

Rosa hakupewa nafasi hiyo, wala hangeweza kupewa. Hadithi yake inasimuliwa katika nafsi ya tatu kwa sababu moja iliyo wazi mno hata hatuitaji: yeye haishi hadi aweze kusimulia. Binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa hofu, aliyefunzwa kwa kipigo kwamba mwanamume ni hatari lakini asifunzwe lolote jingine, anafika shuleni na baadaye chuoni akiwa hana kinga wala kipimo, na mwishowe anajiua. Uhakiki wetu umemtendea nini? Mara nyingi umemweka chini ya kichwa "kuporomoka kwa maadili". Yaani mtoto aliyeubeba mzigo akafika, tunamwita mvumilivu. Na aliyeangushwa nao tunamhesabia kosa la kuanguka. Katika hali zote mbili jicho letu liko kwa mtoto. Zakaria, mlevi wa Namagondo, anapata aya moja ya "baba mkali" kisha tunaendelea.

Inafaa tukumbuke kwamba riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda. Waliokuwa wakiilinda jamii walishtushwa na aliyoyatenda Rosa na mwili wake. Aliyotendewa na mkono wa babake hayakuleta kelele kama hizo.

Kesi ya Maimuna katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni ngumu zaidi, na kwa hiyo inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Maksuudi, tajiri na mwanasiasa, amewafungia mkewe Tamima na bintiye ndani ya nyumba kama bidhaa ghalani. Mkunga Farashuu anapoingia nyumbani humo wakati wa uzazi wa Tamima, na Maksuudi akagundua kwamba amri yake imevunjwa, kipigo kinafuata. Maimuna anatoroka. Dunia anayoikimbilia hana habari nayo hata kidogo, na maisha ya baa kule Rumenyela yanamla ujana wake kabla hajajinyanyua tena. Hapo wahakiki hufurahi: tazameni ustahimilivu! Lakini tuulize mlango ulifunguliwa na nani. Farashuu hakumwendea Maimuna kwa kumhurumia. Alikuwa na kisasi chake na Maksuudi, aliyemharibia bintiye Mwanasururu, na Maimuna alikuwa chombo cha kulipia kisasi hicho. Mtoto huyu basi alipigwa na mtu mzima mmoja na kutumiwa na mwingine. Katika nyumba ile kubwa, na katika mtaa ulioizunguka, hakukuwa na mtu mzima mwenye uwezo aliyemtazama Maimuna kwa ajili ya Maimuna.

Upungufu huo si wa kisanaa tu. Wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith walifuatilia maisha ya watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika mazingira mabaya zaidi ya umaskini na mifarakano ya nyumbani, takriban mmoja kati ya watatu alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo na utulivu. Jambo lililojitokeza tena na tena katika maisha ya hao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa dhati, na mara nyingi hakuwa mzazi bali nyanya, jirani, mwalimu au mzee wa kanisa. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja maana ya jambo hili kwa hoja yetu. Kile tunachokiita ustahimilivu wa mtoto, kwa sehemu kubwa, ni mkono wa mtu wa tatu ulioshika upande mmoja wa mzigo. Kulitaja sifa ya mtoto pekee ni kumfuta yule nyanya. Na ni kuwafuta pia wale wengine wote waliokuwa na mikono na hawakuinyosha.

Huenda tukaambiwa kwamba tunawaonea wahakiki, kwani wao wameichukua lugha ya jamii, na jamii ina methali zake. Ni kweli, nazo methali zafaa kusikilizwa kwa makini. "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Hapa kuna machozi ya aina mbili, ya mtoto leo na ya mzazi kesho, na methali imekwisha kuamua yapi yana thamani. "Samaki mkunje angali mbichi." Nimeisikia methali hii ikitolewa katika vikao vya wazazi mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na sijamsikia hata mzazi mmoja akigundua kwamba samaki anayekunjwa ameshakufa. Hatudai kwamba waliotunga methali hizi walikuwa katili. Malezi si mzaha, na mtoto asiyekanywa ana hasara yake. Tunadai tu kwamba katika methali hizi mtoto ni kitu kinachofanyiwa kazi, na maumivu yake ni gharama ya kazi hiyo.

Hata sheria haikuepuka mtego huu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka 1990, na mwaka 2001 viboko vikaondolewa katika kanuni za shule. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo wa 2001 ilihifadhi haki ya mzazi kutoa adhabu "ya kiasi". Kiasi hupimwaje? Katika maisha ya kawaida hupimwa kwa kipimo kimoja: mtoto aliamka kesho yake akaenda shule. Aliweza kuibeba, basi haikuzidi. Ustahimilivu wa mtoto ukawa ndio mizani ya kumwachilia mpigaji, na kadiri mtoto alivyokuwa imara ndivyo alivyoweza kupigwa zaidi bila kosa kutendeka. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 53, ilimpa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili, nayo Sheria ya Watoto ya 2022 ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Maandishi yamebadilika. Mizani ile ya zamani ingali inatumika sebuleni, na, kama nilivyokiri hapo juu, hata katika semina.

Kuna pingamizi moja zito ambalo hatuwezi kulikwepa. Mwenzetu mmoja aliyeisoma rasimu ya makala haya alisema kwamba tunamnyang'anya mtoto kitu cha pekee kilicho chake. Rosa amekufa, alisema, lakini wapo wanaoishi, nao hawataki kuitwa waathiriwa maisha yao yote. Kumwambia mtu mzima aliyepigwa utotoni kwamba nguvu zake ni za nyanya yake, au ni bahati tu, ni kumpiga mara ya pili. Tunaliafiki pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Mtoto si gunia linalopigwa vumbi. Hujificha, huhesabu hatua za baba mlangoni, humtuma mdogo wake kwa jirani kabla ghasia haijaanza, hujifunza kusoma uso wa mtu mzima vizuri kuliko mhakiki anavyosoma riwaya. Huo ni ujuzi, na ni wake. Uhakiki unaomwona mtoto kama jeraha tu umemkosea.

Lakini kuwa na sifa ni jambo moja, na sifa hiyo kuhamishwa ni jambo jingine. Nguvu za hamali hazimpunguzii mwenye mzigo deni lake hata senti moja. Kama zina athari yoyote, zinaonyesha jinsi mzigo ulivyokuwa mzito. Kosa hutokea pale sentensi "alistahimili" inapogeuka, bila yeyote kusema waziwazi, kuwa "kwa hiyo haikuwa mbaya hivyo", na kisha "kwa hiyo ilimfaa". Hatua hizi tatu huonekana kuwa moja. Ivan Karamazov, katika riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1880, aliikataa hatua hiyo ya mwisho hata pale ilipodaiwa kwa niaba ya Mungu: hakuna mapatano ya baadaye, hata yawe makubwa namna gani, yanayoweza kuyalipia machozi ya mtoto mdogo anayeteswa na wazazi wake. Ikiwa amani ya ulimwengu mzima haitoshi kuyalipia machozi hayo, sembuse shahada ya uzamili.

Wala si hoja kwamba mpigaji naye huumia. Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* (1952), alimchora Adili akiwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, kwa kulazimishwa na Huria, huku moyo wake ukikataa. Adili ana haki ya kutuhuzunisha kwa sababu hakuchagua fimbo, na kwa sababu analitafuta kwa hamu yote jambo litakalomruhusu kuiacha. Baba anayesema "inaniuma kuliko inavyokuuma" hana jini mlangoni.

Turudi kwa Rosa. Kezilahabi alifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, wahakiki wengi wamelipita haraka wakidhani ni pambo la kidini. Baada ya vifo vyao Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu wakishtakiana. Riwaya iliyomnyima binti huyu nafsi ya kwanza katika uhai inampa kauli baada ya kaburi, nayo haikumpa ili asimulie jinsi alivyovumilia. Ilimpa ili ashtaki. Anamkabili baba yake kama mdai anavyomkabili mdaiwa, na Zakaria, mara ya kwanza katika kitabu kizima, analazimika kujibu badala ya kupiga. Hatuoni mahali pengine katika riwaya ya Kiswahili ya wakati ule ambapo mtoto aliyeanguka amepewa jukwaa la namna hii. Kwamba ilibidi afe kwanza ili alipate ni jambo la mwandishi, na pengine ni jambo la Namagondo na la vijiji vyetu vingine pia.

Mwanafunzi niliyemtaja amekwisha kuirudisha sura yake. Hakuliondoa neno "uvumilivu" kote. Limebaki mara mbili, na katika mara zote mbili sentensi inayofuata inamtaja aliyepiga, alichotumia kupigia, na aliyekuwa akitazama. Msomaji wa nje ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba sentensi hizo si za lazima kwa kuwa mada ni sifa za mhusika mkuu. Tumemwandikia kumwomba tukutane.